Kiitikio cha Upande Huu wa Ukuta

Bwiza, Bujumbura
9 Februari 2025

Shangazi yangu mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Ujiji, na kwamba macho yako hayajazidi kukusumbua. Na kama yamezidi, basi salamu hizi zikufikie kwa sauti ya binti yako Houda, msomaji wako mwaminifu. Mama hajambo, isipokuwa goti linalomtangazia mvua kabla ya redio. Mafuta ya gari yameadimika tena mjini. Watu wanatembea kwa miguu kutoka Kinama hadi sokoni, na Djibril, mchukuzi wetu wa barua, hajui basi lake litaondoka lini kuja Kigoma. Ukiona tarehe ya hapo juu imechakaa, lawama si yangu.

Tangu nilipopata shahada ya fasihi umekuwa ukiuliza, kwa upole wako, kazi yangu ni ipi. Sasa ninayo ya kukujibu. Kila Jumapili ninaandika, katika ukurasa mmoja wa mtandaoni, maoni mafupi kuhusu nyimbo mpya za wanamuziki wa kujitegemea: wale wasio na kampuni nyuma yao, wanaorekodi vyumbani mwao na kusambaza kwa simu. Sheria yangu ni moja: sentensi nne kwa kila wimbo. Anayehitaji kurasa kumi ili aseme wimbo ni mzuri hakuusikiliza. Wasomaji wanaongezeka, na hata waandaaji wa matamasha hunisoma kabla ya kuchagua nani apande jukwaani. Kwa kuwa hutumii simu hizi za kugusa, nimekunakilia kwa mkono maoni ya Jumapili iliyopita.

Gaël wa Kinama, «Bati». Amerekodi mvua ikinyesha juu ya paa lake wala hakuiondoa, na amefanya vyema, kwa sababu gita lake linahitaji mtu wa kuzungumza naye. Sauti yake haijakomaa, lakini haijifanyi imekomaa. Ubeti wa tatu ungeachwa, hakuna ambaye angeuulizia. Nimeusikiliza mara tano.

Carmen, «Foleni». Mwanamke anaposwa akiwa siku ya tatu kwenye foleni ya petroli, naye anamwuliza mchumba yuko namba ngapi. Kinanda kimechoka kuliko foleni yenyewe. Hata hivyo Carmen anajua mahali pa kunyamaza, jambo ambalo waimbaji wetu wengi hawakufundishwa. Nilicheka peke yangu barabarani.

Rihani, «Kizingiti». Sauti nzuri inayotumika vibaya. Kiitikio si chake: ni cha santuri ya zamani ambayo mimi mwenyewe naikumbuka tangu utotoni, naye hakutaja alikoitoa. Kuazima si kosa, kuficha ndiko wizi. Mwizi mwenye sauti tamu anabaki kuwa mwizi.

Huyu wa mwisho simfahamu. Wimbo ulitufikia bila anwani wala picha. Utaona, Shangazi, kwamba sipendelei wala siogopi. Marehemu baba alitaka mwana mwenye kauli, naye amempata.

Nakubusu mikono, nawe umsalimie Houda. Mwambie asome kwa kituo, nimeweka koma kwa makusudi.

Mwanao,
Tajudini


Ujiji, Kigoma
14 Aprili 2025

Mwanangu Tajudini,

Wa aleikum salaam. Idi tumeisali salama na pilau tumekula. Tangu mwezi uandame nimepaka hina mabibi harusi sita, na mmoja alilia machozi mpaka hina ya mkono wa kulia ikabidi irudiwe. Macho yangu ni yaleyale. Mpe mama yako pole ya goti, apashe chumvi kwenye kitambaa.

Barua yako ilichukua wiki nne njiani. Houda alinisomea, kama siku zote. Tulimpenda huyo wa mvua. Huyo wa foleni alituchekesha mpaka jirani akachungulia. Alipofika kwa wa tatu akanyamaza. Nikamwambia, «Endelea, mbona umemeza maneno?» Akaendelea mpaka neno la mwisho, na koma zako zote aliziheshimu. Kisha akakunja karatasi palepale ulipoikunja wewe, akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa hazijakauka.

Hii ninaandikiwa na mwalimu Ilyasi, jirani yetu. Alitaka kuongeza salamu zake ndefu, nimemwambia karatasi ni yangu.

Nina swali moja tu, mwanangu, na unijibu hilo kabla ya habari nyingine. Hiyo santuri inaitwaje? Aliimba nani? Na wewe uliisikia nyumba gani?

Ni mimi, shangazi yako,
Mwantum


Bwiza, Bujumbura
18 Mei 2025

Shangazi yangu mheshimiwa,

Amani iwe juu yako na juu ya nyumba yako. Nimefurahi kusikia Idi ilikuwa njema. Hapa mvua za mwisho zimepita. Watu wa Gatumba wameanika tena magodoro juani, kama kila mwaka ziwa likiwatembelea. Nimeshangaa kuona mwandiko mgeni. Je, Houda ameumia mkono? Mwalimu Ilyasi anaandika vizuri, lakini barua yako ikiwa katika mwandiko wake inanijia kama wito wa kufika mbele ya baraza.

Umeniuliza swali la haki, nami nitalijibu kwa utaratibu.

Jina la santuri sijalipata. Nilikwenda kwa mzee Adrien, anayetengeneza redio za kale karibu na soko na ambaye hujivunia kwamba hakuna rekodi iliyopigwa mji huu asiyoijua. Nilimwimbia kiitikio. Akaniomba nirudie. Nikarudia, fundi wake akacheka. Mzee akasema, «Huu haukupita hapa, jeune, kijana wangu. We uliuota.» Lakini kutojua kwa Adrien si ushahidi kwamba kitu hakipo. Ushahidi wangu ni kumbukumbu. Unaikumbuka baa iliyokuwa nyuma ya ukuta wa ua wetu. Walikuwa wakipiga santuri tangu adhuhuri. Naiona siku yenyewe: nina miaka minne au mitano, nina sabuni machoni, nimefumba, na wimbo huo unanijia kupitia ukutani. Mtu hawezi kubuni sabuni machoni.

Zaidi ya hayo kuna suala la kanuni, ambalo ni kubwa kuliko santuri moja. Mwanamuziki wa kujitegemea hana mali nyingine isipokuwa ukweli wake. Tukimruhusu afiche alikochota, tutakuwa na haki gani ya kuwalaumu wakubwa wanaomwibia yeye? Nimeyasoma mabishano ya aina hii katika lugha tatu, na sijaona hoja iliyonitikisa.

Wiki mbili zilizopita waandaaji wa tamasha la Julai hapa mjini waliniita. Rihani alikuwa kwenye orodha yao. Waliniuliza kama ningali nasimama na neno lile. Nilijibu kwamba mimi sifuti nilichoandika. Jina lake limeondolewa. Nakiri kwamba mchana ule sikula vizuri, na sielewi kwa nini nakuambia jambo dogo kama hilo.

Mama anakusalimu. Hana jipya la kusema.

Mwanao,
Tajudini


Ujiji, Kigoma
6 Julai 2025

Tajudini,

Salamu. Sisi wazima. Mwalimu Ilyasi anaandika, na safari hii nimemwambia aandike kila neno kama nilivyolisema, asinipambie.

Santuri haipo.

Mama yako alipoolewa na kaka yangu alitoka Rumonge, na barabara siku hizo haikupitika, watu wa kwao hawakufika. Na kwetu unajua: bibi harusi haingizwi kimya. Upande wa mume wanaimba ndani ya mlango, upande wa mke wanajibu nje, mpaka wa ndani washindwe ndipo mlango ufunguliwe. Mama yako alisimama nje na somo wake, mwanamke mmoja tu, na huyo sauti ilikuwa imekauka. Sisi ndani tukaimba. Nje kimya. Tukaimba tena. Kimya. Wanawake wakaanza kucheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilikuwa msichana.

Basi marehemu mama yangu, bibi yako Khadidja, akatupangua, akafungua mlango mwenyewe, akatoka nje, akaufunga nyuma yake. Akasimama upande wa mkwe wake, akatujibu. Wimbo ule aliutunga pale pale, hakuna aliyekuwa ameusikia. Alituimbia mama mkwe dhidi ya nyumba yake mwenyewe mpaka tukashindwa. Hicho ndicho kiitikio.

Baadaye alikuwa akikuimbia wewe, siku ya Ijumaa akikuogesha kabla ya msikiti. Baa ilikuwepo, kweli, na santuri zilipigwa. Lakini wimbo huu ulitoka upande huu wa ukuta, mwanangu. Ulitoka kwenye mdomo uliokuwa shibiri moja na sikio lako. Nje ya ua ule hakuna mtu anayeweza kusema ameusikia utotoni.

Nilikuuliza mwezi wa nne kwa sababu nilitaka ukumbuke mwenyewe.

Rihani ni Houda. Alificha jina kwa ajili yako. Alisema, «Mama, nikijiita Houda, Taju ataniandika kwa udugu, au hataniandika kabisa. Acha anisikie kama mgeni, kisha tutamwambia.» Alipoalikwa kwenye tamasha alifunga begi siku ileile, miezi kabla ya safari. Lilikaa karibu na mlango, tukawa tunaliruka. Sasa amelifungua. Mabibi harusi wanamwomba aimbe wakati wa hina, anasema anapaka tu. Juzi mmoja alimwuliza kama ni bubu.

Sina la kuongeza.

Mwantum


Bwiza, Bujumbura
21 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Barua yako ya Julai ilifika tarehe ishirini na tatu ya mwezi uleule. Mafuta yalipatikana ghafla, na kwa mara ya kwanza Djibril aliwahi. Ucheleweshaji huu, kwa hiyo, ni wangu mwenyewe. Nimeandika majibu manne na kuyachana. La kwanza lilikuwa refu sana. La pili lilikuwa na hoja. La tatu lilieleza kwamba kumbukumbu ya mtoto haiwezi kutofautisha chanzo cha sauti, jambo ambalo ni kweli na halina faida yoyote kwa Houda. La nne lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo nililiogopa.

Nisikilize sasa, kwa maana bado hujajua kosa langu. Unadhani kosa langu ni la Februari. La Februari lilikuwa la ujinga na majivuno, na mjinga husamehewa. La pili nililitenda nikijua.

Tarehe mbili Mei, siku ya Ijumaa, nilikuwa nikiusikiliza «Kizingiti» uani kwa mara ya mia, nikitafuta santuri yangu. Mama alikuwa akichambua maharage. Kilipofika kiitikio akaanza kukifuata kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa, na ubeti ulipokatika kwenye simu yeye akaendelea. Nilimwuliza aliusikia redio gani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. «Redio? Apana, baba. Huu ni wa bibi yako. Aliniimbia mi mlangoni, siku naingia humu. Ni nani huyo mutoto anayeuimba hivi? Anauimba vizuri.»

Nilimjibu kwamba simjui.

Nilikuwa tayari ninajua, Shangazi, kwamba hakuna mgeni angeweza kuupata wimbo ule. Nilijua pia ni nyumba ngapi ulimwenguni zinazoujua: mbili. Nilikaa na maarifa hayo siku tatu. Siku ya nne waandaaji wakaniita, wakaniuliza kama ningali nasimama na neno langu, nami nikasimama. Wasomaji walikuwa wengi. Nilikuwa nimekwisha kusema «mwizi», na nilihisi kwamba mtu anayelirudisha neno kama hilo hana kauli tena. Wiki mbili baadaye nikakuandikia barua ya Mei, nikakueleza juu ya kanuni, nikaandika kwamba mama hana jipya la kusema. Ule ulikuwa uongo, tena niliuandika kwa koma zilizopangwa vizuri.

Mwezi Agosti nilichapisha masahihisho katika ukurasa wetu. Yanasema hivi: «Imebainika kwamba kiitikio cha wimbo Kizingiti kina asili ya kifamilia na hakikutolewa katika santuri. Usumbufu uliojitokeza unasikitikiwa.» Naona sasa, nikiyanakili, kwamba hakuna mtu ndani yake. Hakuna aliyekosea wala aliyekosewa. Waandaaji niliwaandikia pia. Walinijibu kwa ukarimu kwamba tamasha lilikwisha.

Ninapopita ukutani, nyuma ambako baa imekuwa ghala la saruji, siwezi kuinua macho. Bibi alitoka nje ya nyumba yake ili mtu mmoja asisimame kimya mlangoni. Mimi nimemnyamazisha mjukuu wake, kwa wimbo huohuo.

Nakuomba radhi. Namwomba Houda radhi, ingawa najua sistahili hata kuliandika jina lake. Sina mpango wa kujitetea.

Mwanao, kama ungali unakubali,
Tajudini


Ujiji, Kigoma
2 Novemba 2025

Kaka Tajudini,

Salaam aleikum. Mkono haukuumia. Ni mimi, Houda, ninaandika mwenyewe. Mama ni mzima na amekaa hapa pembeni akisema niandike kwa adabu. Mwalimu Ilyasi amefurahi kupumzika, anasema barua za familia yetu zinamkosesha usingizi.

Barua yako ya Septemba nimemsomea Mama mara mbili. Ya pili aliiomba yeye, kwa ajili ya pale mama yako aliposema ninaimba vizuri. Kisha nimekaa na kuiandikia maoni mafupi, kwa sheria yako.

Tajudini wa Bwiza, «Radhi». Sauti imekomaa na inajua imekomaa. Anajitaja karibu katika kila mstari na ananyenyekea vizuri sana, mpaka msikilizaji anataka kupiga makofi, na hapo ndipo wimbo unapoharibika. Mahali pamoja pekee ameacha kuimba, pale anapomjibu mama yake kwamba hamjui. Tunasubiri toleo fupi.

Mama ananiambia hii si adabu. Nimemwambia adabu ni koma, nimeziweka.

Usiufute ule uhakiki uliouandika Februari. Watu waliusoma, waliniita mwizi hata hapa Kigoma, na ukiufuta wataona nilikuomba uufute. Uache. Chini yake uweke ulichokijua, na siku uliyokijua, na jina lako lote. Si «imebainika».

Kuhusu kukusamehe, sijui bado. Mama anasema kwetu radhi haiombwi kwa barua. Mtu anakuja, anakaa chini, anasema, na aliyekosewa ana haki ya kutojibu siku hiyo. Mimi naona ni desturi nzuri.

Wiki iliyopita bibi harusi mmoja alifika kwa mumewe na shangazi mmoja tu. Nilisimama nje naye. Ndani walikuwa na ngoma tatu, walishindwa.

Houda


Bwiza, Bujumbura
16 Novemba 2025

Houda,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi hatujambo.

Nimeandika chini ya uhakiki ule wa Februari. Yamesomwa tangu juzi, na watu wananijibu kwa maneno ninayostahili. Maneno yenyewe ni haya:

«Nilimwita Rihani mwizi. Kiitikio alikirithi kwa bibi yake, ambaye ni bibi yangu pia. Tarehe 2 Mei nililijua hilo, na tarehe 6 Mei nikawaambia waandaaji wamwondoe kwa sababu niliona aibu kurudi nyuma. Tajudini Chabani, Bwiza.»

Djibril amepata mafuta. Anatangulia na barua hii, na Alhamisi ya wiki ijayo ameniwekea nafasi mbili, tutalala Mabanda na kuvuka mpaka asubuhi. Nitakaa chini, nitasema. Usijibu siku hiyo kama hutaki.

Nafasi ya pili ni ya mama. Nilimwambia safari ni ndefu kwa goti lake. Amesema anakuja kunishika mdomo nikianza kueleza.

Tajudini